Kabla Hujaagiza Kinywaji Diani

Bia nyingi utakazowekewa mezani Diani zimeshasafiri safari ndefu. Chupa ya Tusker imetoka Ruaraka, Nairobi, ikapanda lori, ikapita Voi jua likiwaka, ikavuka Likoni kwa feri au ikazungukia Dongo Kundu, kisha ikashushwa Ukunda baada ya kilomita mia tano hivi. Hakuna ubaya. Bia ya kiwanda kikubwa imetengenezwa ivumilie misukosuko hiyo, na ukiinywa baridi mbele ya bahari saa kumi na moja jioni hutaulizia mengi. Shida humpata msomaji wa aina nyingine, yule aliyezoea kukaa Brew Bistro pale Ngong Road, anayezijua bia za Bateleur na 254, anayeweza kukueleza tofauti ya bia ya ngano na bia chungu ya hopsi kabla hujamuuliza. Huyo hushuka kiwanja cha ndege cha Ukunda na swali lake tayari mdomoni: hapa bia za krafti ziko wapi?

Jibu langu lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo ndefu. Ya kwanza ni kwamba chupa za viwanda vidogo unaweza kuzipata Diani, ila uzitafute kwa akili na uzikague kabla ya kulipa. Ya pili ni kwamba fundi wa kinywaji wa eneo hili hana mapipa ya chuma wala bango la taa. Kazi yake ni kupanda mti asubuhi na jioni, na anachokiteremsha hakitengenezeki Nairobi hata ukitoa fedha. Ukija Kwale ukarudi bila kuonja mnazi mzuri, umekunywa bia za kwenu ukiwa ugenini.

Tuanze na chupa. Barabara ya Diani Beach ni ndefu, na baa na hoteli zimetawanyika kutoka upande wa mto Mwachema, ulipo msikiti wa Kongo, hadi Galu na kuendelea Kinondo. Hakuna mtaa mmoja wa baa ambao utatembea mlango hadi mlango. Kwa hiyo chagua eneo moja kwa jioni moja, umalize hapo, urudi na tuktuk. Forty Thieves, baa ya ufukweni, kila dereva wa tuktuk anaijua, na jirani yake kuna Ali Barbour's, mkahawa uliomo ndani ya pango la mawe ya matumbawe lililo wazi juu, nyota zikionekana. Ali Barbour's ni pa chakula cha jioni na mtu unayempenda, bia haikupeleki huko. Nomad nayo ina kivuli kizuri cha mchana. Nazitaja kama mahali pa kuanzia mazungumzo na mhudumu. Kilichomo ndani ya friji zao wiki utakayofika utakiona mwenyewe, kwani hubadilika.

Ukishakaa, usiulize tu kama wana bia za krafti. Mhudumu atasema ndiyo, akuletee Heineken. Omba uione friji. Katika baa za Kenya hili si jambo la ajabu, watu husimama kaunta wakachagua kwa kidole. Ukiona chupa au kopo la kiwanda kidogo, lishike uangalie tarehe. Bia isiyochujwa sana na isiyopikwa kuua vijidudu huchoka haraka, na bia yenye hopsi nyingi hupoteza harufu yake kwanza, uchungu ukabaki peke yake. Halafu uliza swali moja: hizi zinatoka? Yaani zinanunuliwa? Mhudumu mkweli atakwambia kreti ya mwisho ililetwa lini na nani huzinywa. Ikiwa chupa tatu zimesimama kwenye kona ya friji tangu sikukuu, waachie na sikukuu yao.

Msimu una maana kubwa hapa kuliko mjini. Desemba hadi Machi wageni ni wengi na friji hujazwa upya kila mara. Ikifika masika, Aprili na Mei, hoteli kadhaa hufunga kwa ukarabati, fukwe hubaki na wenyeji na mwani, na bia isiyo na wanywaji hukaa. Wakati huo kinywaji cha kiwanda kidogo ni bahati nasibu. Kunywa Tusker au White Cap, zinazouzwa haraka mwaka mzima. Kiwanda cha Tusker kilianzishwa mwaka 1922, na jina lenyewe linakumbuka ndovu aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi. Sioni aibu yoyote kuipendekeza. Bia ya kawaida iliyo mpya huishinda bia ya fundi iliyochakaa, kila siku.

Angalia pia chupa imewekwa wapi. Mwanga wa jua huvunja sehemu ya hopsi na kuifanya bia inuke vibaya. Chupa ya kahawia huizuia miale hiyo kwa kiasi, ya kijani na ya kioo cheupe karibu haizuii kitu. Baa ya ufukweni inayopanga chupa za kijani kwenye rafu inayopigwa na jua la saa nane, hata mandhari yake iwe nzuri kiasi gani, agiza kopo. Joto nalo ni vivyo hivyo. Kenya tumezoea kuulizwa "baridi au moto?", na wazee wengi bado wanapenda ya moto, yaani ile ambayo haikuingia friji. Nairobi ya Julai hilo halina neno. Diani, ambako chumba cha stoo kinaweza kuwa na joto la kupikia, sema baridi.

Neno lingine la kukukwamisha ni kegi. Mgeni aliyezoea kwingine akisikia kegi anafikiria bia ya bomba iliyotoka pipani, mbichi, ya fundi. Ukienda Ukunda, pale karibu na Kona ya Musa, ukamwambia mwendesha boda akupeleke penye kegi, atakupeleka kwenye Senator. Hiyo ni bia ya bei nafuu iliyoletwa sokoni mwaka 2004 na kampuni hiyo hiyo ya Tusker, ikapewa nafuu ya kodi ili imvute mnywaji wa pombe haramu. Hunywewa katika vikombe vya plastiki, kwa kelele na siasa. Kama unataka kuijua Ukunda ya watu wanaofanya kazi hotelini badala ya ile ya wanaolala humo, kaa hapo nusu saa. Ila ujue ulichoagiza.

Wengine njia yao ni rahisi zaidi. Wanakodi nyumba Diani, wanapita supamaketi ya Carrefour, wanasoma rafu ya vileo kama mtu anavyosoma gazeti, na wananunua walichokiona kipya. Kuna sida pia za Kenyan Originals, za matunda, zinazowafaa wasiopenda uchungu wa bia. Nyumbani unadhibiti friji mwenyewe. Kitu kimoja tu ukumbuke, ratiba. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi huiita sheria ya Mututho, iliruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Leseni hutolewa na kaunti. Hoteli za watalii zina mpangilio wake. Ndiyo maana utaona watu wakinywa mchana ufukweni huku baa ya Ukunda ikiwa na mlango nusu. Usimlazimishe mwenye baa akuuzie saa isiyo yake. Wewe utaondoka Jumapili, yeye atabaki na askari.

Sasa mnazi.

Ukitoka Likoni kwa matatu kuelekea Ukunda, baada ya Ng'ombeni na Waa hadi Tiwi, minazi imesimama pande zote mbili. Itazame miili yake. Baadhi ina vidato vilivyokatwa kwenye shina, kimoja kulia, kimoja kushoto, kutoka chini hadi kileleni. Huo ni mnazi wa mgema. Mwenye shamba ameamua mti huo utoe tembo, yaani kinywaji cha mnazi, badala ya nazi, maana ua likishagemwa halizai. Uamuzi huo una hesabu ndani yake. Nazi huvunwa mara chache kwa mwaka na bei yake hupangwa na wachuuzi. Tembo huleta senti kila jioni.

Kazi yenyewe ni ya mkono mwepesi. Mgema hupanda na kibuyu kiunoni, siku hizi mara nyingi kidumu cha plastiki, na kisu kikali kiitwacho kotama. Kule juu hulitafuta ua ambalo bado limefungwa ndani ya karara. Hulifunga kwa kamba lisifunguke, hukata ncha yake, kisha hulipinda taratibu kwa siku kadhaa hadi liiname. Maji ya mti huanza kudondoka. Kila anapopanda, hukata tena ubale mwembamba kabisa, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kwa sababu kidonda kikikauka mti hufunga bomba. Akikata kinene, anamaliza ua kabla ya wakati. Akiacha siku moja, amelipoteza. Ndiyo sababu mgema hana Jumapili wala Krismasi, na ndiyo sababu ukimkuta ameketi mchana usidhani ni mvivu.

Maji hayo yakianza kudondoka ni matamu na hayana kileo. Lakini hamira ya mwituni imo tayari hewani, kwenye ua, na ndani ya kibuyu kilichotumika jana. Haihitaji kuitwa. Kabla kibuyu hakijashuka povu limeanza, na kwa saa chache kileo hufika kiasi cha bia ya kawaida, asilimia 4 hadi 6 hivi. Tusker ina 4.2. Ukikiacha hadi kesho yake, bakteria wa siki wanachukua zamu na unapata kitu cha kutilia kachumbari. Kwa hiyo mnazi una maisha ya siku moja, na katika siku hiyo hubadilika kila saa. Hakuna bia ya krafti duniani iliyo mbichi kiasi hicho, wala inayomdai mnywaji afike kwa wakati kiasi hicho.

Kutokana na hilo, swali la kuuliza mangweni ni moja, nalo linatosha: huu ni wa saa ngapi?

Mangwe, kama hujalisikia, ndipo mnazi unapouzwa na kunywewa. Kunaweza kuwa kibanda cha makuti, uwanja chini ya mwembe, au nyuma tu ya nyumba ya mtu. Bango hakuna. Kule Kerala, India, maduka ya tembo yana leseni, yamepakwa rangi, na watu husafiri mbali kwa ajili ya samaki wa huko kuliko hata kinywaji. Kwetu mangwe hujificha kidogo, na kuna sababu. Wadigo, wenyeji wa hapa, walio wengi ni Waislamu, na pamoja na kwamba mnazi upo katika mila za Mijikenda tangu zamani, katika mahari, matanga na tambiko za wazee, mtu wa Tiwi au Msambweni hataki mangwe lililo mkabala na msikiti. Mgeni aheshimu hilo. Usimuulize mzee mwenye kanzu anayetoka kuswali. Usiulize kwa sauti dukani. Muulize mwendesha boda, fundi wa pikipiki, au mlinzi wa nyumba unayokaa, na umuulize kama mtu anayeuliza njia. Ramadhani usiulize kabisa, labda mwenyeji wako aanze mwenyewe.

Nenda na mwenyeji mara ya kwanza. Sio kwa hofu ya wizi tu. Mangweni watu wanajuana, na mtu anayeingia peke yake na begi, akitazama huku na huku, huonekana askari wa kaunti au mtu wa mradi. Ukiletwa na mtu, swali limekwisha. Vaa nguo za kawaida. Ufukweni chupi ya kuogelea ni sawa, hatua mia tano ndani ya kijiji si sawa, na hilo ni kwa wanaume pia. Toa salamu kabla ya kitu chochote, shikamoo kwa wazee, na umtafute anayeuza, ambaye mara nyingi ni mwanamke wa makamo aliyekaa karibu na madumu. Mwanamke anayezuru bila mwenzi wa kiume akae karibu naye. Nimewaona wauzaji hawa wakimtuliza mlevi kwa jicho moja.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Huu ni wa saa ngapi?"

"Huu wa asubuhi. Wa jioni bado haujashuka. Wataka mtamu au mkali?"

Hapo jibu lako linategemea wewe ni mnywaji gani. Kama unapenda bia nyepesi na tamu, au hujawahi kuonja, sema mtamu na uje saa tatu asubuhi au jioni mara mgema anaposhuka. Utapata kitu cheupe kama maji ya mchele, chenye mapovu membamba, harufu ya nazi changa na kwa mbali ya mkate unaoumuka. Kama unapenda bia chachu za Ubelgiji, subiri saa kadhaa uombe mkali. Uchachu umepanda, utamu umekwisha, na kuna ladha ya shamba ambayo watu wa bia hulipia pesa nyingi kwingine. Mimi napendelea ule wa katikati, wa asubuhi unaonywewa saa saba mchana, lakini sijapata mzee wa kukubaliana nami. Kwao mnazi mtamu ni wa watoto na wajawazito, na usiwafuate katika hilo, maana mtamu nao una kileo ndani.

Hutumiwa bilauri, kata, au jagi la plastiki. Ukipewa mrija, utaona ncha yake imefungwa nyuzi au kitambaa. Hiyo ni kwa ajili ya vipande vya ua, sisimizi na nyuki waliofuata sukari. Nyuki mmoja akielea si dosari, ni cheti. Tembo lisilovutia hata mdudu mmoja ndilo la kutilia shaka.

Na shaka ni muhimu. Wahenga waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji walikuwa wakimzungumzia mtu wa kweli. Siku ya wanywaji wengi, dumu la lita ishirini linaweza kuwa la ishirini na tano kabla ya saa sita. Maji peke yake yangekuwa hasara ya mfuko tu, ila maji ya kisima kisicho salama ni hasara ya tumbo, na likizo ya siku nne haina nafasi ya hilo. Mwingine huongeza sukari ili kuuficha wembamba. Utajuaje? Tikisa bilauri. Mnazi wa kweli hushika kioo kidogo, unaacha utando mweupe unaoteremka polepole. Uliochanganywa huteremka upesi, na kioo hubaki kisafi. Uliotiwa sukari una utamu unaokaa mbele ya ulimi bila harufu yoyote nyuma yake. Usigombane. Lipa ulichokunywa, shukuru, uende kwingine. Dawa ya kweli ni kununua karibu na mti, saa ambayo mgema anashuka. Ukipata mgema anayekubali ukae shambani ukimtazama, mpe chake bila kuvuta bei. Lita kadhaa za mnazi wake mara nyingi hazifiki bei ya bia moja ya hotelini.

Mvua huharibu hesabu. Shina likilowa vidato huteleza, na wagema huanguka, wengine hawaamki. Siku ya mvua kubwa mnazi huwa haba, na ule uliopo umeingiliwa na maji ya mbinguni. Acha. Usimshawishi mtu apande kwa sababu wewe kesho unarudi Nairobi.

Jambo moja nalisema bila mzaha. Ukiwa mangweni ukaletewa kitu cheupe kama maji, kikali, ndani ya chupa isiyo na lebo, ukaambiwa ni mnazi "uliopikwa" au dawa ya baridi, kataa. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwemo Embu na Kiambu, kwa vileo vilivyokuwa na methanoli, na Februari 2024 misiba ya aina hiyo ilirudi Kirinyaga. Methanoli haionekani kwa jicho, na ulimi hauwezi kuitofautisha na kileo cha kawaida. Mnazi uliotoka mtini ukachacha wenyewe hauna hatari hiyo. Hatari huanza pale mtu asiyejulikana anapochemsha, au anapochanganya na spiriti ya kiwandani.

Chakula usikisahau, kwa sababu mnazi unapanda kichwani ukiwa tumbo tupu kuliko unavyodhani. Mangwe zuri lina mtu wa pembeni anayechoma mishkaki, anayekaanga muhogo na kuupaka chumvi, pilipili na ndimu, au mwenye supu ya pweza. Utamu wa mnazi na ukali wa pilipili mbuzi ni ndoa nzuri. Ukielekea kusini, kati ya Gazi na Msambweni mikorosho hutanda barabarani. Nunua korosho za kuchoma kwa wanaouza njiani uziweke mfukoni, hata bia ya hotelini itakushukuru. Gazi yenyewe ina daraja la mbao la akina mama juu ya mikoko, zuri kwa matembezi ya asubuhi kabla ya yote haya.

Msambweni ni tulivu kuliko Diani. Baa ni chache, hoteli zimejitenga, na mnywaji wa bia za krafti afadhali aje na kasha lake la barafu kutoka Ukunda. Mnazi ndio utakaoupata vizuri, ukipelekwa mashambani, nje ya mji. Ukivuka kwenda Wasini kutoka Shimoni, kula kaa na usifungue chupa kijijini. Kisiwa ni cha Waislamu, njia zake ni nyembamba kiasi kwamba hakuna gari, na kila mtu atakuwa amekuona. Waendesha mashua wa ziara watakwambia penye ruhusa na pasipo.

Na usiendeshe. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ina malori, mbuzi, boda zisizo na taa, na polisi wenye kipima pumzi. Tuktuk kutoka Ukunda hadi hotelini ni pesa kidogo. Panga na dereva mmoja kwa jioni nzima, chukua namba yake, mwambie saa ya kurudi kabla hujaonja kitu, na umlipe nusu tu kwanza.

Ukitaka kubeba mnazi hadi nyumba unayokaa, usiufunge. Hamira bado inafanya kazi, gesi inaongezeka, na chupa ya soda iliyojazwa hadi shingoni ikafungwa kwa nguvu itapasuka ndani ya tuktuk, harufu imfuate dereva wiki nzima. Jaza robo tatu, legeza kifuniko au uchomeke kipande cha kumbi mdomoni, uishike wima mapajani. Ukifika, friji itapunguza mwendo wa uchachu, haitausimamisha. Unywe usiku huo. Na kuhusu ndege, usifikirie hata kidogo.

Utakaobaki asubuhi utakuwa umepita ukali wa kunyweka. Usiumwage. Mimina kwenye mtungi wenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite na nzi wasipite, uuweke kivulini kwa wiki chache. Wapishi wa kusini mwa India huumulia unga wa mchele wa mikate yao ya appam kwa tembo likiwa bado lina nguvu, na wa Goa hupikia nyama kwa siki yake. Siki yako ikiwa tayari, ichuje na uitumie kwenye kachumbari ya vitunguu na pilipili, pembeni ya changu wa kukaanga.